Stenlesi haitaki kuwa kioo: tafuta kosa lilipo

Malori ya kwenda Tunduma yakipumzika pale Uyole, Mbeya, hukosi kumwona utingo amechuchumaa mbele ya bampa na kopo la Brasso, ile dawa ya kung'arishia, anasugua kana kwamba analipwa kwa dakika. Baada ya saa mbili bampa linang'aa kweli. Kisha jua linageuka upande, na mikwaruzo yote inarudi, safari hii inaonekana vizuri kuliko alipoanza. Hapo ndipo linapokuja neno ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko salamu: "Fundi, hii dawa feki."

Mara nyingi dawa haina kosa. Stenlesi haipakwi mng'ao. Inalainishwa kwa msasa mpaka mikwaruzo iwe midogo kiasi kwamba jicho haliioni, na dawa inakuja mwisho kufuta kile kidogo kilichobaki. Matatizo karibu yote ninayoletewa hapa Mbeya, iwe bampa, kisu cha buchani, sinia la harusi au reli ya ngazi, yalianzia kwenye msasa. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu ya kawaida ndiyo inayotangulia. Anza na vipimo visivyo na gharama kabla hujanunua chochote.

Kabla ya yote: una hakika ni stenlesi?

Kuna vitu vinang'aa kama stenlesi na ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Ukivipitishia msasa umeviua. Kromu ya urembo ni nyembamba mno, haifiki hata mikroni moja (sehemu moja ya elfu ya milimita), na msasa namba 400 unaimaliza kwa misuguo michache; namba ya msasa ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Chini yake kuna nikeli yenye unjano wa mbali, pengine shaba chini ya nikeli, halafu chuma chenyewe kinachosubiri mvua.

Chomoa sumaku kwenye spika mbovu ukiguse kitu chenyewe nayo. Stenlesi ya kawaida ya masinki na reli, ile ya namba 304 yenye kromi (metali ileile ya kromu) asilimia 18 na nikeli asilimia 8, haivutwi, au inavutwa kidogo tu pale ilipokunjwa. Lakini usihukumu kwa sumaku peke yake. Ipo stenlesi namba 430, isiyowekewa nikeli, ambayo inashikwa na sumaku vizuri kabisa na bado ni stenlesi halali. Kwa hiyo angalia pia kwenye matundu ya bolti na kingo za ndani. Kitu cha kromu huanza kubabuka huko, na utakuta kutu inachungulia kama chawa kwenye pindo la shati.

Ukiwa umeshaanza kusugua na ukaona unjano unatokea, simama. Hakuna dawa ya kurudisha hapo. Ni kazi ya mwenye mtambo wa kupaka kromu kwa umeme, au ukubali kununua kipya.

Dalili: inang'aa kivulini, juani inaonyesha mikwaruzo

Hii ndiyo mama wa malalamiko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Sababu ya kwanza, na kwa kukadiria kwangu ndiyo inayoongoza kwa mbali, ni kuruka namba ya msasa. Mtu anatoka 320 anaenda 1000 kwa sababu duka la karibu halikuwa na 600. Msasa wa 1000 hauna nguvu ya kufuta mifereji ya 320. Unaling'arisha tuta lililo kati ya mfereji na mfereji na kuuacha mfereji chini. Kwa jicho la haraka pamelainika. Mwanga ukija kwa ubavu, mifereji inajitokeza yote. Ngazi ninayopanda mimi ni 320, 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000. Kama kitu hakina mikwaruzo mikubwa, anzia 600 au 800. Kuanzia chini kuliko inavyohitajika ni kujiongezea kazi bure.

Sababu ya pili ni kusugua upande uleule kwa kila namba. Ukisugua kwa urefu na 400, kisha kwa urefu tena na 600, huwezi kujua mkwaruzo upi ni wa nani. Geuza. 400 kwa urefu, 600 kwa upana, 800 kwa urefu tena. Ukiona mstari wowote unaokwenda upande wa namba iliyopita, hujamaliza. Mistari yote ya zamani ikishapotea, endelea tena kwa karibu muda uleule, maana chini ya mikwaruzo kuna chuma kilichopondeka ambacho nacho lazima kiondoke.

Kipimo chake ni rahisi. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze karibu kabisa na uso wa kitu, mwanga uteleze juu yake. Usimulike kutoka juu. Halafu chukua maka peni nyeusi, chora mistari ya ovyo sehemu yote, na ndipo usugue kwa namba inayofuata. Wino ukibaki mahali, msasa wako haujapagusa. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha alibisha kwamba amepiga kisu kizima sawasawa. Tulipochora maka peni na kusugua mara ishirini, wino ulibaki karibu na mpini, upana wa kidole gumba, pande zote mbili. Tangu aanze alikuwa haugusi ule mwisho kwa kuogopa kukwaruza mbao.

Sababu ya tatu ni chembe ngeni. Mkwaruzo mmoja mrefu, mzito, peke yake katikati ya uso mzuri, hautokani na msasa wako. Ni punje ya namba ya nyuma iliyobaki kwenye maji, au mchanga. Badilisha maji kila unapobadilisha namba, na ukioshe kitu chenyewe pamoja na mikono, hasa kucha. Halafu kuna hili letu la nyanda za juu: kuanzia Juni mpaka mvua zirudi, vumbi halina mwenyewe. Ardhi ya huku, kuanzia Rungwe na kuzunguka, imejaa majivu ya volkano za zamani, na vumbi lake lina chembe kali. Usifanyie kazi ya namba 1500 kando ya barabara. Mimi hatua za mwisho nazifanya asubuhi, mlango umefungwa, sakafu imemwagiwa maji.

Marekebisho hayana njia ya mkato. Rudi namba mbili nyuma, mpaka pale mkwaruzo unapoanza kufutika, kisha panda upya bila kuruka. Msasa uwe wa maji, na maji yawe na tone la sabuni ya vyombo. Msasa mkavu unaziba haraka na kuanza kuburuza.

Dalili: inang'aa, lakini kama imepuliziwa pumzi

Weupe mwembamba unaogoma kuondoka. Kwanza kiogeshe kitu chenyewe, kweli, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, kisha pitisha pamba yenye spiriti. Mara nyingi weupe ni mafuta ya dawa yaliyokauka, basi. Huku kwetu mwezi wa Juni na Julai mara nyingine si dawa wala nini: kitu cha chuma kimelala nje usiku, umekiingiza ndani, kimeshika umande. Subiri kipate joto la chumba ndipo ukihukumu.

Kama weupe umebaki baada ya spiriti, angalia kitambaa. Fulana kuukuu ya pamba ni nzuri, mradi haina mshono wala maandishi ya kuchapwa, na isiwe ile uliyotumia jana kwa dawa kali zaidi. Kila dawa iwe na kitambaa chake. Mimi navifunga kwenye mifuko ya nailoni tofauti na kuandika juu. Mke wangu anasema nimezitunza fulana mbovu kuliko nguo za kanisani.

Kitambaa kikiwa safi na weupe bado upo, basi uliishia kwenye msasa wa namba ya chini mno. Kutoka 800 kwenda moja kwa moja kwenye dawa hakutoi kioo, kunatoa maziwa. Rudi kwenye msasa, panda ngazi mpaka 2000. Kuhusu dawa zenyewe: Brasso ni ya shaba kwanza. Kwa stenlesi inafanya kazi, ila polepole, na si kwa mikwaruzo. Dawa ya mche ya kijani, ngumu kama mche wa sabuni, ile yenye oksidi ya kromi, inakata stenlesi vizuri zaidi. Asubuhi ya baridi inagoma kupakika. Ipashe kiganjani au uiweke karibu na jiko, usiiweke juu ya jiko. Paka kidogo. Dawa nyingi haikati zaidi, inateleza tu.

Dalili: sura yako inaonekana, lakini imepinda

Hapa hakuna mkwaruzo wala ukungu. Ukisogeza fito au rula mbele ya kitu, mstari wake unacheza kama kona za barabara ya Kitonga. Tatizo ni vidole. Umeshika msasa kwa vidole vitupu, na kila kidole kimechimba bonde lake.

Kwa uso bapa funga msasa kwenye kipande cha ubao kilichonyooka. Kwa uso wenye mviringo mpana tumia kipande cha ndala, soli yake ina ulaini unaofaa kabisa. Nimejaribu vitu vya dukani na nimerudi kwenye ndala. Vidole vibaki kwa kona ambazo hakuna kingine kinachoingia. Mawimbi yakishaingia hayatoki kwa dawa. Ni kurudi 320 au 400 na ubao, kusawazisha, kisha kupanda ngazi yote. Kwa bati jembamba, kama la sinia au sufuria, fikiria mara mbili: unaweza kusawazisha mpaka ukatoboa.

Kuna upotofu mwingine unaofanana na ngozi ya chungwa, vijibonde vidogovidogo uso mzima. Huo mara nyingi unaletwa na mashine: mtu ametia gurudumu la kitambaa kwenye grenda, amegandamiza, chuma kimepata moto. Stenlesi inapitisha joto vibaya, kama theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo joto linakusanyika palepale unapogandamiza. Kwa mkono huwezi kufika huko. Ukiwa lazima utumie mashine, vaa miwani na barakoa, vua glavu za kitambaa maana zinavutwa, na usishike kitu chenye ncha kwa namna ambayo gurudumu likikinyakua kitakujia tumboni.

Dalili: ilikuwa kioo, baada ya wiki imetoa vidoti vya kutu

"Si mlisema haishiki kutu?" Stenlesi inalindwa na utando mwembamba sana wa oksidi ya kromi, unaojitengeneza wenyewe hewani. Utando ukipata kitu cha kuuvuruga, kutu inaingia.

Anayevuruga kuliko wote ni stiliwaya ya jikoni. Nyingi ni chuma cha kawaida. Zinaacha chembe zilizojichomeka kwenye uso, na chembe hizo ndizo zinazoshika kutu, stenlesi yenyewe haijaguswa. Madhara ni yaleyale ukitumia msasa uliokwisha kusugulia geti la chuma, au ukiwa unafanyia kazi jirani na anayekata chuma kwa grenda. Zile cheche zinazopendeza usiku zinatua kwenye kazi yako zikiwa za moto na kujibandika. Kwenye vibanda vyetu, ambapo fundi geti na fundi stenlesi wanagawana turubai moja, ndivyo inavyokuwa kila siku. Funika kazi yako.

Jaribu hivi: sugua kidoti kwa dawa na kitambaa. Kikitoka na chini yake pasiwe na tundu, ilikuwa chembe ngeni. Osha, kisha lowesha kwa asidi ya sitriki, gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, kwa nusu saa hivi. Inayeyusha chembe za chuma na kuuacha utando ujijenge upya. Ukikosa, maji ya ndimu yaliyochujwa yana asidi hiyohiyo kwa takribani asilimia 5 hadi 6; kwa kisu kimoja yanatosha. Suuza kwa maji mengi, kausha. Usichanganye asidi yoyote na Jik, hata tone. Gesi inayotoka hapo ni ya kuua.

Kidoti kikitoka na kuacha tundu, hiyo sasa ni kloridi, kemikali iliyomo kwenye chumvi na Jik. Stenlesi yenyewe imeliwa. Mwenye kosa mara nyingi ni Jik yenyewe, mtu ameloweka sufuria usiku kucha, au chumvi. Malori yanayopakia bandarini Dar es Salaam yanakuja na hewa ya bahari imeganda kwenye bampa, na dereva haoshi mpaka afike Mbeya. Watu wa Kyela huniuliza kama ni maji ya ziwa. Ziwa Nyasa ni maji baridi, yasiyo ya chumvi, halina lawama hapo. Tundu dogo linaweza kufutwa kwa kushusha uso mzima na 320, ila ukiona ncha ya sindano inazama, liache. Kwenye reli ni kasoro ya macho tu. Kwenye tangi la maziwa, jaketi la mvuke (ukuta wa nje wa chombo unaopitisha mvuke) au chombo chochote chenye presha, tundu ni sababu ya kusimamisha kazi na kumwita fundi anayekagua vyombo hivyo. Usilizibe kwa gundi ukang'arisha juu, kama nilivyowahi kukuta.

Dalili: rangi ya dhahabu au bluu

Ni joto. Kwenye ekzosi itarudi kila injini ikiwaka, kwa hiyo ama uizoee au uache kupoteza Jumapili yako. Pembeni ya mahali palipochomelewa ni suala jingine: chini ya ile bluu kromi imepungua, na hapo ndipo kutu itaanzia. Iondoe kwa msasa mpaka chuma cheupe kionekane, usiishie kwenye kufuta rangi. Mafundi wa viwandani hutumia asidi ya kupaka inayoondoa hiyo rangi kwa dakika chache. Baadhi yake zina asidi ya haidrofloriki, ambayo inapenya ngozi na kwenda kwenye mfupa kabla hujahisi maumivu sawasawa. Usiiguse bila mafunzo na vifaa. Ukiuziwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, mrudishie.

Dalili: doa moja linang'aa kuliko kwingine

Reli nyingi za benki na hoteli zina mistari myembamba ya makusudi, kama nywele zilizochanwa. Mtu wa usafi ameona alama, akapiga Brasso sehemu moja, sasa pana kiraka cha kioo. Usikizidishe. Rudisha mistari kwa msasa wa 320 au padi ngumu ya kijani, upande mmoja tu, kwa mkono mmoja mrefu usiosimama katikati.

Dalili: kingo zimelala, maandishi yamefifia

Umesugua kingo kwa kitu laini. Kitambaa na ndala vinamezea kona na kuila. Karibu na maandishi tumia ubao mgumu uliochongwa mdogo, na bandika utepe kwenye kingo mpaka hatua ya 1000. Kikishaliwa hakirudi.

Hapa niseme la silaha, kwa sababu mara mbili nimeletewa bastola za rivolva za stenlesi, wenyewe wakiwa na leseni zao, wakitaka ziwe kioo. Nilikataa zote. Kwanza, mimi kukaa na silaha ya mtu mwingine kibandani bila leseni ni kosa, hata kama mwenyewe amekwenda kunywa chai tu. Pili, namba ya silaha ikififia kwa msasa wangu, sitaki kuwa mtu wa kuelezea polisi ilikuwaje. Tatu ni ufundi wenyewe: pengo kati ya silinda, ile inayobeba risasi, na mtutu ni sehemu ndogo sana ya milimita, na sehemu za ndani zinaegemeana kwa vipimo. Kulainisha uso wa nje ni jambo moja. Msasa ukigusa uso wa silinda, mdomo wa mtutu au mahali vyuma vinapokutana, umebadilisha silaha. Aliye na hamu hiyo amwone fundi wa silaha mwenye leseni, na kabla hata ya kuifunga kwenye kitambaa kuipeleka ahakikishe haina risasi, kisha ahakikishe tena.

Dalili: alama za vidole kila saa

Hakuna ugonjwa. Kioo kinaonyesha kila kitu. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa safi, pangusa mpaka uone kama hujapaka kitu. Kwa sinia na visu vya chakula tumia mafuta ya kula, kidogo vilevile. Na mpe mteja kitambaa siku anapokuja kuchukua, maana kitu cha kwanza atakachofanya ni kukigusa kwa kidole gumba.